Kitabu Kisicho na Maswali Mwishoni

Katika likizo ndefu inayofuata mtihani wa darasa la saba, mpwa wangu mwenye miaka 13 alikuja kukaa nasi Morogoro. Jioni ya pili alisimama mbele ya kabati langu la vitabu, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akasoma majina ya vitabu kimoja baada ya kingine bila kukitoa hata kimoja. Hatimaye aligeuka akaniuliza: "Mjomba, hakuna kitabu cha Kiswahili cha mtu wa umri wangu, ambacho hakina maswali mwishoni?"

Nilicheka, nikamwambia anipe siku mbili. Sasa zimepita wiki tano, na katika kutafuta kwangu nimejikuta nikiipitia upya historia nzima ya riwaya ya vijana katika Kiswahili, kwa sababu swali la mtoto huyu limeigusa pale pale inapouma. Sizungumzii hadithi fupi za sungura na fisi zenye picha, ambazo hatukosi, wala riwaya za watu wazima. Nilichokitafuta ni riwaya yenye urefu wa kutosha kumpoteza mtu ndani yake, ambayo mhusika wake mkuu ni kijana, na ambayo mwandishi aliiandika ili kijana aisome kwa hamu na si kwa ajili ya mtihani.

Katika maandishi ya kuchapwa, ngano ndizo zilizotangulia. Askofu Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizozisikia Unguja mwaka 1870, na hadithi za namna hiyo zikaingia baadaye katika vitabu vya kusomea shuleni. Riwaya ilichelewa, na ilipokuja ilikuja kwa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilipokubaliana kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilionekana wazi kwamba lugha hiyo sanifu haikuwa na vitabu vya kutosha vya kumpa mwanafunzi aliyekwisha kujua kusoma. Frederick Johnson, ofisa wa elimu wa Tanganyika ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, aliliziba pengo hilo kwa kutafsiri, mara nyingine peke yake na mara nyingine akishirikiana na E. W. Brenn. Ndivyo tulivyopata Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Robert Louis Stevenson alianza kuiandika hadithi ya kisiwa chake mwaka 1881 ili kumfurahisha mtoto wake wa kambo, na Rider Haggard, aliyeitoa hadithi ya mashimo ya Sulemani mwaka 1885, aliitabarukia kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo riwaya za kwanza kusomwa na vijana wetu kwa Kiswahili zilikuwa kweli riwaya za vijana. Tatizo ni kwamba zilikuwa za vijana wengine. Mashimo ya Mfalme Sulemani ndicho kitabu kinachonisumbua zaidi katika kundi hili, kwa sababu kinasimuliwa na mwindaji Mzungu anayeingia bara letu kutafuta almasi, na mvulana wa Tabora au wa Tanga aliyekisoma mwaka 1935 alilazimika kuchagua: ama ajivike ngozi ya mwindaji ili afaidi safari, ama abaki na wapagazi na kutazama safari ikifanywa na wengine. Na bado, hili nalo lisemwe, Kiswahili cha tafsiri hizo ni kizuri mno. Johnson alikuwa na sikio la lugha, na mzee mmoja aliyenifundisha shule ya msingi alikuwa bado akiweza kutamka kwa moyo aya nzima za Kisiwa chenye Hazina, akifumba macho na kupunguza sauti kila alipofika kwa maharamia.

Mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies, ambamo mchoraji alifanya jambo ambalo watafsiri wa kabla yake hawakulifanya: alimchora Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Sungura ni yule yule, na shimo analotumbukia Elisi ni lile lile, lakini anayetumbukia ni mtoto ambaye msomaji angeweza kumkuta kisimani. Ningependa kujua wasichana wangapi walikiona kitabu hicho, katika zama ambazo msichana kukaa shuleni hadi kuisoma riwaya lilikuwa jambo la nadra.

Waandishi wetu wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza kazi. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu kifupi kuhusu watu waliotekwa wakauzwa na hatimaye wakakombolewa, kilichosomwa sana shuleni na kinachowasifu Waingereza kwa kiwango ambacho leo kinamfanya msomaji ajikune kichwa. Kisha akaja Shaaban Robert, ambaye Kusadikika chake cha mwaka 1951 na Adili na Nduguze cha mwaka 1952 viliwekwa mikononi mwa wanafunzi wa vizazi kadhaa. Ninamheshimu Shaaban Robert kuliko mwandishi mwingine yeyote wa lugha hii, lakini sitadanganya kwamba nilimfurahia nilipokuwa na miaka 14. Wahusika wake wanaitwa Adili, Utubora, Majivuno na Karama, na kijana anayejua tangu ukurasa wa kwanza kwamba Adili atakuwa mwadilifu hana sababu kubwa ya kuufungua ukurasa wa pili. Utamu wake niliujua nilipokaribia miaka 30.

Aliyeuvunja mtindo huo wa maadili ni Mzanzibari wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliendesha shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mzimu wa Watu wa Kale ukashinda, ukachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi asiye polisi, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, anaitazama maiti iliyokutwa penye mzimu, na wakati majirani wote wanasema ni kazi ya mashetani yeye anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi. Mtu atasema kwamba mpelelezi wa namna hiyo tulimwona kwanza kwa Waingereza, na atakuwa amesema kweli, ila yule wa Waingereza hakuwa na mazungumzo ya barazani, wala ubishi wa kahawa, wala ule utani wa Kiunguja ambao Abdulla aliunyunyiza katika kila ukurasa. Baadaye vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, na kila kimoja kiliwafundisha vijana jambo ambalo vitabu vya maadili havikuweza kuwafundisha, yaani kwamba fumbo hufumbuliwa kwa kufikiri.

Lakini Abdulla hakuwaandikia vijana. Aliandikia watu wote, nasi vijana tukajichukulia chetu. Ilikuwa hivyo pia kwa Simu ya Kifo ya Faraj Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, na kwa zile riwaya za mfukoni zilizofuata, ambazo walimu walizichukia na sisi tukazificha chini ya magodoro. Katika bweni letu kulikuwa na nakala moja ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974, na nakala hiyo haikuwa na kurasa za mwanzo wala jalada. Tuliisoma kwa zamu, kila mtu usiku mmoja, kwa mwanga wa kibatari, na kwa miaka mingi sikujua hadithi ile ilianzaje. Nilijua tu kwamba nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam na kwamba Willy Gamba ametumwa kuzirudisha. Mwalimu wetu wa siasa alikuwa ametufundisha habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika kwa muhula mzima, tukasinzia. Willy Gamba alitufundisha usiku mmoja, na asubuhi tulikuwa tunabishana kuhusu Makaburu kwenye foleni ya uji. Baada yake alikuja Joram Kiango wa Ben Mtobwa, msafi zaidi wa lugha na mwenye maringo zaidi. Ni kweli kwamba vitabu hivyo vilijaa pombe, bastola na wanawake waliosimuliwa kana kwamba ni magari, na leo nisingempa mpwa wangu bila kusita. Hata hivyo ndivyo vilivyotufanya tuwe wasomaji, na hakuna kimoja kati yake kilichokuwa na maswali mwishoni.

Katikati ya mikondo hiyo miwili, ule wa shule na ule wa chini ya godoro, kuna kitabu kimoja kilichosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, nacho ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliiandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikachapishwa mwaka 1971. Rosa ni msichana wa Namagondo, Ukerewe, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukali huo unamfuata hadi shule ya bweni na hadi chuo cha ualimu cha Morogoro, ambako anapata uhuru asiofundishwa kuutumia, unaomwangamiza. Kitabu kilizua kelele, kikapigwa marufuku shuleni, kisha baada ya miaka kikarudishwa kama kitabu cha kufundishia. Nilikuwa na bahati ya kukijua katika hali zote mbili. Dada yangu, ambaye ndiye mama wa mpwa huyu anayenisumbua, alikisoma kikiwa kimefunikwa kwa gazeti na kuandikwa "Kemia" juu yake. Wadogo zetu walikisoma wakiandika dhamira zake ubaoni. Nilimuuliza juzi kwa simu ni nani kati yao alikielewa, akanijibu bila kufikiri: "Aliyekificha."

Kwangu mimi Rosa Mistika ndiyo riwaya ya kwanza ya vijana katika Kiswahili kwa maana ninayoikusudia, ingawa haikuitwa hivyo na ingawa kuna wanaosema kwamba Kezilahabi alikuwa akiwaonya wazazi. Anayeteseka humo ni kijana, na kosa analolifanya linaeleweka na kijana mwenzake kabla halijaeleweka na mzazi. Miaka minne baadaye Ndyanao Balisidya akatoa Shida, ambayo nayo inawafuata vijana wanaokihama kijiji wakitarajia mji uwapokee, na mji hauwapokei. Inasikitisha kwamba jina lake halitajwi mara nyingi tunapohesabu waandishi wa kipindi hicho, kwa maana hakuandika kama mtu anayetoa hotuba ya Azimio la Arusha, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakuweza kulikwepa.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, na sijui riwaya nyingine ya Kiswahili ambayo vijana wa nchi mbili wameipenda kwa kiwango hicho. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anapofariki, kijana anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake kina methali nyingi kuliko kawaida, na mara nyingine naona mwandishi anajionyesha, lakini kijana wa miaka 15 hana kinyongo na kujionyesha. Huyo ndiye msomaji anayeinakili misemo katika daftari ili aitumie kwenye insha. Kitabu kiliwekwa katika orodha ya riwaya teule za sekondari, na baadaye Kidagaa Kimemwozea, cha mwandishi huyo huyo, kikafuata njia hiyo kwa mtihani wa kidato cha nne kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, kikifuatiwa na Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Kezilahabi na Walibora walifariki katika mwaka mmoja, 2020, wa kwanza Januari na wa pili Aprili, na nakumbuka jinsi watu wazima wenye familia zao walivyoandika mtandaoni kuhusu Kongowea kana kwamba wamefiwa na mwanafunzi mwenzao wa darasani.

Lakini angalia kinachotokea kitabu kinapotajwa kuwa teule. Wiki chache baadaye huchapishwa mwongozo wake, kijitabu kinachomweleza mwanafunzi nani ni nani, dhamira ni zipi, na tamathali ziko ukurasa gani, na mwanafunzi mwenye pesa za kitabu kimoja tu hununua mwongozo. Kwetu Tanzania ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Maman'tilie cha Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu cha Abdallah Safari. Viwili vya kwanza ni riwaya za vijana waziwazi. Takadini ni mtoto aliyezaliwa na ualbino katika jamii inayodai mtoto wa namna hiyo auawe, na mama yake, Sekai, anakimbia naye usiku badala ya kukubali. Peter na Zita, watoto wa Maman'tilie, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na wanaishia kuokota vitu dampo. Mbogo ameandika mambo hayo kwa sentensi fupi zisizolia, na ndiyo maana msomaji analia. Kisha mwanafunzi huyo huyo, akiwa bado na kamasi, anaambiwa ataje migogoro minne iliyojitokeza katika riwaya hii, mtazamo wa mwandishi na falsafa yake, kwa alama 15.

Sina ugomvi na walimu, maana nimefundisha na najua wanavyobanwa. Nadhani chanzo ni hesabu ya mchapishaji. Shule ndiye mnunuzi wa uhakika. Mzazi anayenunua riwaya kwa ajili ya kumfurahisha mtoto ni nadra, na maktaba za mikoa hazina fedha za kununua kila kinachotoka. Mwandishi anayejua kwamba kitabu chake kitaishi kikiingia shuleni tu, ataandika kitabu kinachoweza kuingia shuleni. Juhudi za kuuvunja mduara huo zimekuwepo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulitumia mbinu ya busara ya kumhakikishia mchapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala na kuzipeleka katika maktaba za shule, na hadithi nyingi za watoto zisingechapishwa bila mbinu hiyo. Baadaye mradi huo uliratibu hapa nchini Tuzo ya Burt kwa riwaya za vijana wa miaka 12 hadi 18. Hatimaye, utasema, riwaya ya kijana imepata jina lake rasmi. Imepata, ila kwa Kiingereza, kwa kuwa lengo lilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kuimudu lugha wanayofundishiwa. Elieshi Lema, ambaye amewaandikia watoto wetu kwa Kiswahili kwa miaka mingi, aliandika riwaya yake kuhusu watoto wa mitaani wa Dar es Salaam kwa Kiingereza. Simlaumu hata kidogo. Kinachonikera ni kwamba watoto wa mitaani wa Dar es Salaam hawaongei Kiingereza. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo naifurahia sana na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongezewa hadithi za watoto, kwa hiyo mwenye miaka 13 bado anasimama kati ya viti viwili.

Vijana, kwa kawaida yao, hawasubiri. Mpwa wangu alinionyesha katika simu ya mama yake hadithi zinazotolewa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, ambapo sehemu ya kumi na moja unailipia. Nilisoma tatu. Tahajia ni balaa, lakini mtunzi wa hadithi ya pili anajua mahali pa kukata sehemu yake kama Musiba alivyojua.

Katika kutafuta kwangu nilimletea vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa Watoto wa Maman'tilie, nilichokipata kwa muuza vitabu chakavu karibu na stendi, na aliyekimiliki kabla yetu alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa: dhamira, dhamira, tashbiha, mgogoro wa kiuchumi. Mpwa wangu alikifungua, akakifunga. "Hiki kina maswali kila mahali," akasema, na nikatumia jioni nzima kufuta penseli kwa ufutio, ukurasa baada ya ukurasa, ili apate kukisoma baadaye. Cha pili kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, ambacho alikichukua kwa mashaka kwa sababu ya jalada lake, akaenda nacho ukumbini. Baada ya saa moja alirudi kuuliza kiko ni kitu gani. Kesho yake aliuliza kwa nini watu wa zamani walizungumza sana kabla ya kusema jambo. Juzi, akiwa amepita nusu ya kitabu, aliniuliza mbona humo ndani hamna mtoto hata mmoja mwenye kazi ya maana.

Nilianza kumweleza kwamba mwandishi hakuwa akiwaandikia watoto, lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo na kurudi kwenye kochi, kwa sababu alikuwa bado hajajua ni nani aliyeua.